Mtepe: Chombo Kilichoshonwa kwa Kamba, na Jinsi Kilivyojengwa Upya



Hapa Nanyuki hatuna bahari. Mito yetu tunaivuka kwa kuruka mawe, na mtu akitaka samaki haendi kumtafuta kwa mashua. Kwa hiyo wengine watashangaa kuona jarida letu la huku mlimani linazungumza habari za vyombo vya majini. Tumeamua kuandika kwa sababu vikundi kadhaa vimekuwa vikituuliza swali moja: tukitaka kurudisha kazi ya mikono ya zamani, ambayo wazee walikuwa wakiifanya na sasa imeachwa, tuanzie wapi? Kikundi kimoja kinataka kuchonga mizinga ya magogo, ile tuiitayo miatu kwa Kikuyu. Kingine, cha akina mama, kinataka kusuka kiondo kwa nyuzi za porini kama zamani, badala ya uzi wa dukani. Michango wametoa. Wateja wapo, maana wageni wanaopita hapa kwenda mlimani hupenda vitu kama hivyo. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaonyesha.

Ndugu zetu wa pwani walipatwa na shida hiyo hiyo, tena kubwa zaidi, maana chombo kizima kilikuwa kimepotea. Walikijenga upya. Njia waliyopitia inaweza kuwafaa hata wale ambao hawajawahi kuiona bahari.

Mtepe ulikuwa nini

Mtepe ulikuwa chombo cha Waswahili na Wabajuni wa visiwa vya Lamu. Mbao zake hazikupigiliwa misumari. Zilishonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi, kama vile wewe unavyoshona mdomo wa gunia la viazi. Tanga lake lilikuwa mkeka wa majani, tena la pembe nne, si la pembe tatu kama yale matanga ya majahazi tunayoyaona kwenye kalenda. Mbele, mahali mabaharia wanapoita omo, palikuwa na kichwa kirefu kilichochongwa, na kila upande palichorwa jicho. Wenyeji wengine walisema kile ni kichwa cha ngamia wa Mtume Muhammad. Mtepe haukuwa hasa chombo cha kuvulia samaki. Ulikuwa lori la siku zile. Ulibeba boriti za mikoko na mizigo mingine kati ya Lamu na miji ya kusini mpaka Zanzibar.

Ufundi huu wa kushona ni wa zamani sana. Kuna kitabu cha Kigiriki cha mabaharia, cha karne ya kwanza baada ya Kristo, yaani karne ya mitume, kinachotaja mji wa Rhapta katika pwani ya Afrika Mashariki na kusema kwamba jina lake lilitokana na mashua zake za kushonwa. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alieleza sababu ya vyombo vya Bahari ya Hindi kushonwa: chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, lakini cha kamba huwa na ulaini kidogo, kikajipinda na kupona. Wareno nao walipokuja na Vasco da Gama mwaka 1498 waliona vyombo visivyo na misumari.

Wala si baharini peke yake. Katika Ziwa Nyanza, watu wa visiwa vya Ssese na Waganda walijenga mitumbwi mirefu ya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea, wakaitumia kuvua, kusafiri na hata kupigana vita. Hapo tuko bara kabisa, na nazi ni haba. Kila mahali watu walishona kwa nyuzi za pale pale walipo.

Halafu kazi hii ikaisha. Misumari ilikuwa imepatikana kwa bei nafuu, jahazi la misumari lilivujisha maji kidogo zaidi, na lori na meli za moshi zikachukua mizigo. Kufikia katikati ya karne ya ishirini hakuna mtu aliyekuwa akijenga mtepe tena. Mitepe ya mwisho ilioza ufuoni kama gari bovu nyuma ya gereji.

Kazi inaanzia kwenye kamba

Mtu akisikia "kujenga chombo" huwaza seremala, shoka na mbao. Sisi pia tungeanza hapo. Kumbe katika chombo cha kushonwa ubao mzuri usio na kamba nzuri ni kuni tu.

Kamba hutoka kwenye makumbi, yaani maganda ya nje ya nazi. Makumbi hufukiwa ufuoni, mahali maji ya chumvi yanapojaa na kupwa, na huachwa humo kwa miezi. Yakishalainika hufukuliwa, hupondwa kwa mti mpaka ule unga wake utoke, na nyuzi zinazobaki huitwa usumba. Usumba huoshwa, hukaushwa, kisha husokotwa kwa viganja vya mikono, uzi mmoja ukiungwa na mwingine mpaka kamba itokee. Katika vijiji vya mashariki ya Unguja, kama Paje na Jambiani, hii imekuwa kazi ya wanawake miaka nenda miaka rudi.

Akina mama wetu hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Bibi zao walichuna maganda ya mugio, wakaondoa nyama yake, wakasokota nyuzi juu ya paja na kusuka kiondo. Baadaye wakatumia katani, kisha uzi wa dukani. Na hapa hapa mjini, akina mama wa Nanyuki Spinners and Weavers wamekuwa wakisokota sufu ya kondoo tangu miaka ya 1970. Anayejua kusokota sufu anaelewa kwa nini kamba ya chombo lazima isokotwe sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Panapokuwa pembamba ndipo patakapokatika, na mahali hapo patakuwa chini ya maji.

Jinsi mbao zinavyoshonwa

Seremala wetu akijenga nyumba ya mbao hapa Nanyuki husimamisha fremu kwanza, ndipo apigilie mbao juu yake. Chombo cha kushonwa hujengwa kinyume. Unaanza na mkuku, yaani ule mti wa chini unaobeba chombo chote, kisha unapandisha mbao, ubao juu ya ubao, mpaka upate kama bakuli. Mataruma, yaani mbavu za ndani, hutiwa baadaye na kufungwa kwa kamba. Umbo la chombo basi halitoki kwenye fremu. Linatoka kwenye jicho la fundi anapouchonga kila ubao kwa tezo ulale vizuri juu ya mwenzake.

Kingo za mbao mbili lazima zikutane bila nafasi. Fundi hupaka rangi au masizi kwenye ukingo mmoja, huuweka juu ya mwingine, hutazama rangi ilipogusa na ilipokosa, kisha huchonga tena. Kazi hii haina haraka. Zikishakutana, ndani ya unene wa mbao hutiwa vijiti vya mti ili ubao usiteleze mbele wala nyuma. Halafu kwa kekee hutobolewa matundu, moja kila upande wa kiungo, yakitazamana mstari mzima.

Sasa ndipo kushona kunaanza, na lazima wawe watu wawili, mmoja ndani na mmoja nje. Juu ya kiungo hulazwa mafungu ya nyuzi kama mto mrefu mwembamba. Kamba hupita juu ya mto huo, huingia tundu hili, hutokea upande wa pili, hurudi tundu lile. Kila mshono hukazwa kwa kuzungusha kamba kwenye kijiti na kuvuta kwa nguvu. Wa ndani akilegeza kabla wa nje hajakaza, mshono umeharibika, na ukishaharibika mmoja, wote walio jirani nao hulegea. Ndiyo maana washonaji wa vyombo huimba wakifanya kazi, ili wavute pamoja. Baada ya hapo kila tundu huzibwa kwa nyuzi na utomvu, mbao hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa au samaki wengine, na sehemu ya chini hupakwa deheni, ambayo ni mchanganyiko wa shahamu na chokaa ya kuzuia wadudu wanaotoboa mbao.

Pamoja na yote hayo, mtepe ulivuja. Tunasema wazi kwa sababu watu wengine wakisifu mambo ya zamani husahau kasoro zake. Wakati wote wa safari mtu mmoja alikaa chini ngamani akichota maji kwa upo na kuyamwaga. Kamba nazo ziliharibika, kwa hiyo kila baada ya muda ilibidi chombo kifumuliwe na kushonwa upya. Lakini kamba ya kukishonea ilitoka kijijini, na mtu wa kuisokota alikuwa nyumbani. Hakuna aliyesubiri misumari kutoka ng'ambo. Na wasomaji wa Matendo ya Mitume watakumbuka kwamba katika sura ya 27, dhoruba ilipoishika meli aliyopanda Paulo, mabaharia waliizungushia kamba ili isipasuke.

Kuiga kitu ambacho hakipo

Mwaka 2003 mtepe ulijengwa upya Zanzibar, ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib, ile Nyumba ya Ajabu iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 na ambayo siku hizo ilikuwa jumba la makumbusho. Haukuwa wa kuchezea. Ulikuwa mkubwa, mtu aliweza kuuzunguka na kuangalia mishono yake.

Mtu hujengaje kitu ambacho hakuna anayekijenga tena? Hukusanya mabaki yake. Kulikuwa na maandishi ya watu waliokiona chombo kikiwa bado kinasafiri. Mtaalamu Mwingereza James Hornell, kwa mfano, aliandika juu ya mitepe ya Lamu mwaka 1941. Kulikuwa na picha. Na kulikuwa na mifano midogo iliyotengenezwa na mafundi wa zamani na kutunzwa katika majumba ya makumbusho, ikiwemo Lamu na Fort Jesus kule Mombasa.

Mfano mdogo husaidia sana. Hesabu yake si ngumu hata kwa katibu wa kikundi. Tuseme mfano una urefu wa sentimita 90, na tunajua chombo chenyewe kilikuwa na mita 18. Mita 18 ni sentimita 1,800. Ukigawanya kwa 90 unapata 20. Basi kila sentimita moja ya mfano ni sentimita 20 za chombo. Mlingoti wenye sentimita 50 kwenye mfano utakuwa mita 10. Lakini uwe mwangalifu. Fundi wa mfano mdogo huangalia umbo, haangalii nguvu. Uzi alioshonea ukiuzidisha mara 20 unaweza kupata kamba nene ya ajabu isiyopita tundu lolote. Unene wa ubao vilevile. Mfano unakuonyesha chombo kilivyokaa, haukuambii mikono ilifanya nini.

Jambo hili lilionekana wazi zaidi Oman. Mwaka 1980 msafiri Mwingereza, Tim Severin, alitaka kujenga jahazi la kushonwa kama lile la mabaharia wa zamani. Kazi ilifanyika Sur, mji wa mafundi wa majahazi, ambao mabaharia wake walikuwa wakija mpaka kwetu pwani kila msimu wa kaskazi. Mafundi wa mbao walikuwapo. Mbao zenyewe zilitoka pwani ya Malabar, India, kwa sababu Oman haina misitu. Lakini washonaji hawakuwapo tena. Kwa vizazi kadhaa Sur ilikuwa imezoea misumari. Ilibidi washonaji waletwe kutoka visiwa vya Lakshadweep vya India, mahali ambapo wavuvi walikuwa bado wanashona mashua. Hata kamba ilileta shida. Ile ya kiwandani ilionekana dhaifu. Iliyofaa ni ya makumbi yaliyolowekwa kwenye maji ya bahari, yakapondwa na kusokotwa kwa mikono. Ilihitajika kamba ya zaidi ya kilomita 600. Ni karibu sawa na kutoka hapa Nanyuki mpaka Mombasa kwa barabara. Jahazi hilo, lililoitwa Sohar, liliondoka Muscat Novemba 1980 na mwaka uliofuata likafika Canton, China.

Sasa linganisha na Lamu. Mwaka 2018 fundi Ali Skanda na wenzake walijenga hapo dau la mita 9 kwa plastiki iliyookotwa, tani 10 hivi, wakalifunika kwa vipande vya rangi vya ndara kuukuu zipatazo 30,000. Liliitwa Flipflopi. Plastiki iliyeyushwa na kuumbwa, kisha mafundi wakaichonga na kuiunga vile wanavyofanya mbao. Mwaka 2019 dau hilo lilisafiri mpaka Zanzibar, kilomita 500 hivi, na mwaka 2021 likapelekwa Ziwa Nyanza. Hakuna aliyekuwa amejenga dau la plastiki kabla ya hapo, lakini hawakulazimika kumtafuta mtu ng'ambo. Ufundi wa dau la mbao ulikuwa bado hai Lamu, kwa hiyo kubadili mbao kuwa plastiki kuliwezekana. Lakini ukiwa na mbao zote za msitu wa Mlima Kenya na huna mshonaji hata mmoja, huwezi kushusha mtepe majini.

Kwa vikundi vyetu

Turudi kwenye mwatu na kiondo. Kabla ya kununua vifaa, kikundi kitafute kwanza kile ambacho katika kazi yao ni kama kamba kwenye mtepe. Yaani ile sehemu ndogo isiyoonekana ambayo bila hiyo kitu hakifanyi kazi. Kwa mwatu, wengi hufikiri ni kuchimba gogo. Kuchimba gogo la muringa kunahitaji nguvu na subira tu. Mzee aliyekuwa akifuga nyuki atakuuliza mambo mengine: umeziba vipi vifuniko, tundu la kuingilia nyuki ni kubwa kiasi gani, ndani umepaka nini au umefukiza majani gani, na umetundika upande gani wa upepo. Hayo hayaonekani kwenye mzinga uliotundikwa dukani kwa ajili ya wageni. Ukinakili ule wa dukani utapata pambo, hutapata asali.

Kwa kiondo ni uzi. Msianze na mshono. Nendeni kwa shosho anayekumbuka, kwa upole, na zawadi ya sukari na majani ya chai, mkamwombe asokote hata mita moja. Asielezwe kuwa anahojiwa. Mara nyingi ukimuuliza mzee "ulifanyaje?" atakwambia "nilisokota tu." Mpe nyuzi mkononi, mikono itakumbuka yale ambayo mdomo umeyasahau. Mmoja aangalie mkono wa kulia, mwingine wa kushoto. Kijana mwenye simu apige picha za video, lakini awepo pia mtu wa kujaribu palepale akiwa ameketi kando yake, maana video haiwezi kukwambia umekaza mno. Akikukosoa, mwachie akukosoe mara kumi.

Pia msimdharau mwenye kazi ndogo wakati wa kugawa faida. Tumeona vikundi ambavyo aliyemalizia kitu na kukipeleka sokoni anahesabiwa kuwa fundi, na waliosokota wanaitwa wasaidizi. Kule Sur ni wale wasaidizi ndio waliokosekana.

Halafu andikeni. Urefu, unene, idadi ya nyuzi, jina la mti kwa Kikuyu au Kimeru au Kimaasai, lilichunwa mwezi gani, lilikaa majini siku ngapi. Tumieni futi kamba na mizani, si "kidogo" na "kiasi." Na msiweke mahali pamoja. Nyumba ya Ajabu ulipowekwa mtepe ilikuwa imechakaa kwa miaka mingi, ikafungwa kwa wageni, na tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Krismasi, sehemu yake kubwa iliporomoka, watu wawili wakafa. Kama jumba la Sultani linaweza kuanguka, sembuse kabati la mweka hazina. Daftari moja likae kwa katibu, nakala ya pili ikae kwa mwanachama wa kijiji kingine, na ya tatu iletwe ofisini kwetu siku za kuleta ripoti za vikundi. Ile ya tatu tutaipigia kopi bila malipo.